Peke yako hadi Kolmanskop: gari lipi, saa ngapi, na wapi huruhusiwi kukanyaga

SWALI: Natarajia kusafiri peke yangu mwezi Juni kwa siku kumi. Nitakodi gari Windhoek, Namibia, nishuke hadi Lüderitz kwenye pwani ya kusini, nione Kolmanskop na miji mingine ya migodi iliyoachwa jangwani. Mimi ni mwanamke, nimeendesha miaka mingi lakini karibu yote kwenye lami. Kila ninayemwambia ananitisha. Je, ni lazima nikodi gari la 4x4? Nitapotea jangwani? Na naweza kujiendea tu kwenye magofu yaliyo mbali, pengine hata kulala humo?

JIBU: Dada, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine. Hapana, huwezi kujiendea. Magofu unayoyataka yamo ndani ya eneo ambalo serikali ya kikoloni ya Wajerumani ililifunga Septemba 1908, likajulikana kama Sperrgebiet, yaani eneo lililokatazwa. Lilianzia Mto Orange kusini, likapanda hadi latitudo ya nyuzi 26, na kuingia bara kama kilomita 100 kutoka baharini. Tangu 2008 eneo hilo ni hifadhi ya taifa, Tsau ǁKhaeb, lakini makatazo ya almasi hayakuondoka kwa sababu ya jina jipya. Uchimbaji bado unaendelea, na Sheria ya Almasi ya 1999 ya Namibia haimruhusu mtu kuwa na almasi ghafi bila kibali, hata kama ameikuta imejilalia mchangani. Kwa hiyo ondoa kichwani ile picha ya kuacha barabara kuu, kufuata alama za magurudumu hadi kwenye kijiji kilichokufa, na kutandika godoro chini ya dari lililotoboka. Kati ya Aus na Lüderitz, kilomita 125 hivi, mabango ya kukukataza yako kando ya lami na hayatanii.

Hii ni habari njema kwako kuliko unavyodhani. Msafiri wa peke yake jangwani huponzwa zaidi na kuwa mahali ambapo hakuna anayejua yupo. Huku kusini, kila gofu la maana ama lina geti na mkata tiketi, ama hufikiwa ndani ya gari la mwongozaji mwenye kibali chenye jina lako. Linalobaki kuwa lako peke yako ni barabara, na barabara yenyewe ni moja. Kupotea kutakuwa kazi.

Sasa gari. Kutoka Windhoek hadi Lüderitz ni lami tupu. Unashuka na barabara kuu ya B1 kupitia Rehoboth na Mariental hadi Keetmanshoop, kama kilomita 500, kisha unakata magharibi kwa B4 kupitia Aus hadi baharini, kilomita nyingine 340 hivi. Gari dogo la kawaida linafika bila shida. Wanaokodisha watakushawishi uchukue 4x4 yenye hema juu ya paa, na wala hawakudanganyi: wateja wao wengi wanazunguka kwenye barabara za changarawe au wanapanda kaskazini-magharibi. Wewe hujasema unakwenda huko. Fedha utakayookoa itakulipia ziara ya Elizabeth Bay au ya Pomona, ambazo nitakuja kuzisema, na hizo ndizo hasa zinazokutoa nyumbani.

Ila najua kitakachotokea. Ukifika Aus utaona kibao cha C13 kinachoelekea Helmeringhausen, na jioni mtu mezani atakusifia D707 inayopita kando ya milima ya Tiras, kwamba hakuna barabara nzuri kama ile nchi nzima. Huenda anasema kweli. Utaangalia ramani, uone kwamba ukirudi Windhoek kwa njia hiyo unapitia Sesriem kwenye matuta mekundu ya mchanga, na utajiambia kwamba changarawe ni changarawe tu. Basi acha nikueleze inavyowapindua watu, ili ukiamua, uamue unajua.

Sheria inakuruhusu kwenda kilomita 100 kwa saa kwenye changarawe. Kampuni nyingi za magari hutaka usizidi 80, na zipo zinazofunga kifaa cha kurekodi mwendo. Barabara yenyewe chini ni ngumu, juu yake kuna vijiwe vilivyolegea ambavyo vinabingirika chini ya tairi kama punje za mahindi kwenye sakafu ya saruji. Ukiwa kwenye 90, imenyooka, gari limetulia, unajiona umeshaizoea. Kisha inakuja kona ndogo au mteremko, mkia wa gari unaanza kwenda pembeni polepole. Dereva wa lami hufanya kile alichofundishwa na lami: anakanyaga breki na kuuzungusha usukani kwa nguvu upande wa pili. Magurudumu ya mbele yanashika lile tuta la mawe ya pembeni, na gari linapinduka. Hakuna gari la pili, hakuna mnyama, hakuna mvua. Na ukienda kusoma bima ya msingi, mara nyingi utakuta maneno kwamba ajali ya kupinduka bila kugongana na gari jingine haimo, pamoja na matairi, vioo, uvungu wa gari na rangi iliyochubuliwa na mchanga wa upepo. Ukurasa huo usome kabla hujatia saini. Ukitaka kupita changarawe, lipia bima kubwa inayofuta makato, yaani kile kiasi ambacho ungejilipia mwenyewe ajali ikitokea, punguza upepo wa matairi kidogo kama atakavyokuelekeza anayekukabidhi gari, baki chini ya 80, na mkia ukianza kucheza ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulivyo, liache gari lijirudishe.

Mimi kwa siku zako kumi, na kwa uzoefu uliousema, ningebaki kwenye lami. Nitakuonyesha kwamba hupungukiwi.

Jambo jingine la mtu wa peke yake ni pancha. Kubadili tairi unaweza kuwa unakujua, lakini nati za magari ya kukodi hukazwa kwa mashine gereji, na spana fupi iliyomo kwenye buti haizifungui kwa mikono. Siku ya kukabidhiwa gari, palepale uwanjani, omba spana na ulegeze nati za tairi moja mbele yao. Zikikataa, wazilegeze wao na kuzikaza upya kwa mkono, au wakupe spana ndefu ambayo unaweza kuikanyaga kwa mguu. Kagua pia tairi la akiba: kuna magari madogo yanayotoka na kile kitairi chembamba cha dharura, na hicho si cha kutembelea kilomita mia jangwani. Watakuona msumbufu, waache. Na kama ndege yako inatua asubuhi baada ya usiku wa kukosa usingizi, usishike barabara siku hiyohiyo zaidi ya zile kilomita 45 hivi za kutoka uwanja wa Hosea Kutako hadi mjini. B1 imenyooka kupita kiasi, na usingizi wa barabara iliyonyooka hauna wa kukuamsha.

Usiendeshe usiku, hata kama umebakiza kilomita 30. Kudu na choroa huja barabarani giza likiingia, na kudu akigongwa hurukia kwenye kioo cha mbele. Magharibi ya Aus, karibu na Garub, wapo pia farasi wa porini, na mabango ya farasi utakayoyaona hapo yana sababu zake. Juni ina mchana mfupi, tena umesogezwa mbele na saa: Lüderitz jua huchomoza kama saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili na robo jioni. Kwa hiyo usijipangie kuondoka alfajiri kama ulivyozoea. Kunywa chai, ondoka saa mbili, uwe umefika saa kumi. Siku ya kwanza Keetmanshoop, ya pili Lüderitz. Jaza tangi Keetmanshoop, ongeza Aus hata kama mshale uko juu ya nusu, kwa sababu baada ya hapo hakuna sheli mpaka baharini.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Watu wengi huifanya safari hii kwa ajili ya picha moja, ya mlango uliozama kwenye mchanga ndani ya nyumba, kisha wanageuza gari. Ushauri wangu ni uzifuate almasi zenyewe, kwa mpangilio zilivyowahamisha watu, kutoka pale ya kwanza ilipookotwa hadi mji ambao bado unaishi kwa ajili yake. Ukifanya hivyo magofu yanaacha kuwa mapambo.

Ilianzia relini. Aprili 1908, kibarua mmoja Mwafrika aitwaye Zacharias Lewala alikuwa akizoa mchanga uliokuwa unafunika reli karibu na kituo kidogo cha Grasplatz, akaona jiwe linalong'aa. Alilitambua kwa sababu aliwahi kufanya kazi kwenye migodi ya almasi ya Kimberley, Afrika Kusini. Akalipeleka kwa msimamizi wake, August Stauch. Stauch aliandikisha viwanja vya uchimbaji, akawa tajiri mkubwa. Lewala hakupata chochote, na historia haikujisumbua kuandika alikoishia. Stauch naye mali ilimponyoka baada ya mtikisiko wa uchumi wa dunia wa 1929, akafa maskini Ujerumani mwaka 1947. Grasplatz iko kando ya njia yako kabla hujafika Kolmanskop. Itazame ukiwa barabarani, usikisogelee kituo.

Ila reli hiyo ina jambo lililotangulia almasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ziara nyingi hupita juu yake. Ilijengwa 1905 na 1906, wakati Wajerumani wanawaangamiza Waherero na Wanama, ndiyo miaka ileile ya Majimaji kwetu. Mateka, wakiwemo wanawake na watoto, walifungiwa kwenye kambi ya Shark Island, mwamba uliojitokeza baharini hapohapo Lüderitz, kwenye upepo na baridi, na waliokuwa na nguvu walipelekwa kujenga njia ya kwenda Aus. Rekodi za Wajerumani wenyewe zinaonyesha kwamba kati ya mateka 2,014 waliotumika kwenye reli hiyo, 1,359 walikufa kati ya Januari 1906 na Juni 1907. Kiongozi wa Wanama, Cornelius Fredericks, alifia Shark Island Februari 1907. Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji hayo ya kimbari Mei 2021, na Namibia iliadhimisha siku yake ya kwanza ya kitaifa ya kumbukumbu tarehe 28 Mei 2025. Shark Island leo ni kambi ya watalii wa mahema. Utaiona kwenye orodha za malazi, ina mandhari nzuri ya bahari na bei nafuu. Wapo wanaolala pale bila kujua na wapo wanaojua na wakalala. Mimi ningelala mjini, niende pale asubuhi kwa miguu, nisimame mbele ya jiwe la kumbukumbu ya Fredericks, kisha nitazame mnara wa mfanyabiashara Adolf Lüderitz uliosimama kwenye mwamba huohuo. Ukienda Kolmanskop baada ya hapo, utasikiliza hadithi za ukumbi wa dansi kwa masikio mengine.

Kolmanskop iko kama kilomita 10 tu kabla ya mji. Hapo ndipo pesa ilipolala: hospitali, kiwanda cha barafu, ukumbi wenye jukwaa la maigizo, uwanja wa kuviringisha tufe ambao bado upo, na maji ya kunywa yaliyoletwa kwa meli kutoka Cape Town. Waongozaji watakuonyesha ilipokuwa mashine ya eksirei, na watakuambia ilikuwa ya kwanza upande huu wa dunia. Uliza ilitumikaje. Pamoja na mifupa iliyovunjika, ilimulika matumbo ya vibarua waliodhaniwa wamemeza almasi. Wazungu watu wazima hawakuzidi sana 300; vibarua wa mkataba, wengi Waovambo kutoka kaskazini, walikuwa kama 800, na nyumba zao hazimo kwenye kadi za picha. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mabweni yalikuwa upande gani. Swali hilo huibadilisha ziara nzima, na wengi wao hufurahi kuulizwa.

Kuhusu saa. Tiketi ya kawaida inakuingiza asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa saba mchana. Kuna kibali maalumu cha wapiga picha, ghali zaidi, kinachokuruhusu kuingia tangu jua linapochomoza hadi linapozama, na kila anayeandika kuhusu Kolmanskop hukwambia usiende bila hicho. Desemba ni kweli, maana jua huchomoza kama saa kumi na mbili na kufikia saa mbili mwanga umeshakuwa mkali. Juni ni kuwatajirisha bure. Jua linatoka saa mbili kasorobo, geti linafunguliwa saa mbili, na kwa sababu ni majira ya baridi linabaki chini chini asubuhi yote. Nunua tiketi ya kawaida, uwe getini mapema, na wakati watu wanakusanyika ukumbini kusubiri ziara, wewe panda moja kwa moja kwenye safu ya nyumba za wakubwa, ya meneja, ya daktari, ya mwalimu. Vyumba utavikuta havina mtu. Ziara utaiunga baadaye. Huwa kuna nyingine kabla ya saa sita siku za kazi.

Ndani ya vyumba hivyo, tazama kuta kabla ya mchanga. Juu, karibu na dari, kuna ukanda wa maua uliopigwa rangi kwa kigezo, chumba kimoja buluu, kingine kijani, na rangi bado imeshika pale ambapo mchanga haukusugua. Chini yake plasta imelika kwa mstari ulio sawa na urefu ambao mchanga uliwahi kufika, kisha ukashuka. Ukitazama vizuri utaona mistari miwili au mitatu, na mlango wenye alama za msuguano usawa wa kitasa. Upepo unaujaza na kuupunguza mchanga. Picha uliyoiona mtandaoni inaweza kuwa ya chumba ambacho leo kina umbo jingine kabisa. Na hapohapo angalia unakokanyaga. Mchanga unaficha mbao za sakafu zilizooza, na misumari. Nyumba yenye mbao zilizopigwa mlangoni kuzuia watu, usiingie. Ghorofani usipande kama uko peke yako na hakuna mtu anayekusikia, hata kama ngazi inaonekana nzima. Simu na kamera vifunge kwenye mfuko hadi utakapovitumia, kwa sababu vumbi lile ni laini kuliko unga na huingia kwenye lenzi bila kubisha hodi.

Ondoka kabla ya mchana kukomaa. Upepo wa Lüderitz huamka baada ya adhuhuri, na ni upepo wa kweli. Ndipo mahali ambapo wanamichezo wa mbao za tanga huja kuvunjia rekodi za dunia za mwendo. Juni una nafuu kuliko Oktoba na Novemba, lakini ukivuma unarusha mchanga juu ya lami na kuchubua rangi ya gari na kioo. Ukikuta ulimi wa mchanga umekatiza barabara, punguza mwendo, usiukanyage kwa kasi ukidhani ni vumbi.

Kolmanskop iliuawa na almasi zenyewe. Kufikia 1928 zilikuwa zimepatikana almasi kubwa zaidi huko kusini, karibu na mdomo wa Mto Orange, na watu wakaanza kufungasha. Wa mwisho waliondoka 1956. Ndiyo maana nakuambia ufuate kusini.

Kusini mwa Lüderitz kama kilomita 30 kuna Elizabeth Bay, mji uliojengwa miaka ya 1920 na kuachwa 1948. Kolmanskop imeliwa na mchanga. Hii imeliwa na chumvi. Iko mdomoni mwa bahari, na hewa ya chumvi imetafuna matofali mpaka saruji iliyokuwa katikati yake ndiyo inayobaki imejitokeza. Mbali zaidi ni Pomona, ambako almasi zilikuwa juu kabisa ya ardhi, vibarua wakapangwa mstari mmoja, wakatambaa kwa matumbo wakiziokota kwa mikono. Ziara ya Pomona huendelea hadi tao la mwamba la Bogenfels, lenye urefu wa mita 55 kutoka baharini, na huchukua siku nzima.

Hapa ndipo upweke wako utakapokugharimu. Ziara hizi huendeshwa na wenye leseni tu, kila abiria anaombewa kibali kwa nakala ya pasipoti, na kibali huchukua siku kadhaa za kazi. Zaidi ya hayo, ya Pomona huwa haiondoki mpaka wapatikane watu wa kutosha, au mmoja alipie viti vya wenzake ambao hawapo. Waandikie waendesha ziara wa Lüderitz mapema, uwaambie uko peke yako na una siku tatu za kuchagua, ili wakuunganishe na kundi. Ukiwapa siku moja tu, uwezekano wa kuikosa ni mkubwa. Kwa hiyo lala Lüderitz usiku tatu au nne. Mji ni mdogo, utamaliza kanisa la mwambani na nyumba ya Goerke nusu siku, na muda unaobaki utakula chaza.

Kisha badala ya D707, rudi Aus na ushuke C13 kwenda Rosh Pinah, kilomita 165 hivi, mji wa mgodi wa zinki ambao upo hai. Endelea chini ya kilomita 100 nyingine hadi Oranjemund. Yote ni lami. Oranjemund ulijengwa 1936 kwa ajili ya almasi zilizoiua Kolmanskop, na hadi Oktoba 2017 hukuweza kuingia bila kibali cha kampuni. Leo unaingia kama mji mwingine wowote. Hakuna gofu hata moja, na ndiyo sababu ya kwenda: nyumba za kampuni, bustani za kampuni, choroa wanaotembea mitaani wakila majani ya kampuni. Utaiona Kolmanskop jinsi ilivyokuwa kabla ya mchanga, na wenyeji wenyewe wanalijadili, maana mgodi wowote una mwisho. Hapo ndipo pia, Aprili 2008, wachimbaji waliofukuza bahari nyuma kwa kuta za mchanga walikuta mabaki ya meli ya Kireno iliyozama 1533, ikiwa na zaidi ya sarafu 2,000 za dhahabu. Hiyo nimeitia tu kwa sababu siwezi kuitaja Oranjemund bila kuisema.

Ukiwa Aus, kama una saa moja ya ziada, mashariki kidogo ya kijiji kuna mabaki ya kambi ya mateka wa Kijerumani walioshindwa na Waafrika Kusini 1915. Walikuwa 1,552, wakawekwa kwenye mahema, wakafyatua matofali ya udongo, wakajijengea nyumba, na yaliyozidi wakawauzia walinzi wao. Kambi ilifungwa 1919. Leo ni vipande vya kuta na kibao. Linganisha na Shark Island, umbali usiofika kilomita 130, tofauti ya miaka minane.

Mengine ni madogo. Dola ya Namibia ni sawa na randi moja kwa moja, na randi inapokelewa; beba noti za kutosha kwa sababu mashine za kadi kwenye sheli za vijijini zina siku zao. Nunua laini ya simu Windhoek, lakini pakua ramani za kutumia bila mtandao, kwani kati ya miji simu hunyamaza kwa saa nzima. Kila asubuhi mwachie mwenye nyumba ya wageni namba ya gari, unakokwenda, na saa ya kufika. Kila jioni mtumie mtu mmoja wa nyumbani ujumbe, mkikubaliana kwamba ukipita saa mbili usiku bila ujumbe apige simu hotelini. Beba lita kumi za maji hata kama ni majira ya baridi, na koti zito: Aus usiku wa Juni hushuka karibu na sifuri. Kadi ya njano ya chanjo na kibali cha kimataifa cha udereva viwe pamoja na pasipoti.

Kuhusu wanaokutisha kwa sababu wewe ni mwanamke: wasiwasi wao una haki zaidi Windhoek kuliko jangwani. Mjini, begi kwenye kiti cha gari huvunjiwa kioo mchana kweupe, na kutembea usiku kwa miguu si vizuri. Ukishapita Mariental, tatizo linakuwa umbali, si watu. Ukisimamishwa na mtu anayeomba lifti, na wataomba wengi maana usafiri ni haba, huna deni la kumchukua. Ukiona gari limeharibika, simama mbali kidogo, shusha kioo nusu, uliza kama wanahitaji maji au kupigiwa simu.

La kufanya wiki hii ni kuandikia ziara ya Pomona, kabla hata ya tiketi ya ndege. Wakikupa tarehe, panga siku nyingine zote kuizunguka hiyo. Wakisema Juni haina kundi, chukua Elizabeth Bay, ambayo ni ya nusu siku na hupatikana kwa urahisi zaidi, na usiku mmoja wa Lüderitz uuhamishie Oranjemund.